Kitambaa Ndani ya Tangi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtoto mwingine mtaani kwao aliyekuwa nayo. Alifungua buti la gari la babu yake, akazungusha kifuniko cha tangi la mafuta, akachovya kijiti mpaka kikagota chini, kisha akakitoa polepole na kusoma alama.

"Haya, niambie," Babu aliuliza kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Nusu na kidole kimoja, Babu!"

"Kidole chako au changu?"

"Changu!"

"Basi ni nusu tu. Vidole vyako ni njiti za kiberiti."

Gari lenyewe lilikuwa la zamani kuliko mama yake Chiriku. Lilikuwa la kijani, na paa lake lilikuwa la turubai, la kukunjwa nyuma ya viti kama mwavuli. Mshale wa kuonyesha mafuta ulikuwa umekufa siku nyingi. Hata tangi likijaa pomoni, mshale ulilala kwenye sifuri kama mgonjwa. Ndiyo maana Babu alichonga kijiti cha mbao, akakitia alama nne kwa kisu, na kazi ya kupima akampa mjukuu wake. "Macho yangu yamechoka," alisema. "Wewe utakuwa macho yangu."

Jina la Chiriku pia alipewa na Babu huyohuyo, kwa sababu msichana yule wa miaka kumi na miwili hakuishiwa maneno. Bibi alisema hata usingizini anasimulia. Kwa hiyo siku alipoanza kunyamaza, wote nyumbani walidhani jino linamuuma.

Mambo yalianza na mpira. Jioni moja mpira wa akina Chiriku ulitumbukia mtaroni. Chiriku akakimbia kuchukua kijiti cha Babu ili auvute. Mpira ulitoka, lakini kijiti kilivunjika vipande viwili. Akavificha chini ya godoro.

Asubuhi yake akatafuta kitu kingine cha kupimia, akapata waya mrefu mgumu. Tabu ya waya ni kwamba petroli hukauka juu yake upesi, huwezi kuona ilipofika. Akafikiri kidogo. Kwenye kikapu cha matambara kulikuwa na gauni la zamani la Bibi, la maua ya njano. Akachana ukanda mrefu wa pindo, akaufunga kwenye ncha ya waya, akachovya. Alipovuta, waya ukatoka mtupu.

Akachungulia ndani ya tangi. Giza. Akachokoa huku na huku kwa waya, akagusa chuma tu.

"Niambie!" Babu aliita.

Chiriku akafunga kifuniko haraka. "Nusu, Babu."

Hakujua kama ni nusu au robo. Lilikuwa neno moja tu, na akajiambia kwamba kesho angelisahihisha. Lakini kesho ilipofika, Babu alikuwa na furaha, ameweka mafuta, anapiga mluzi. Chiriku hakutaka kumharibia siku. Alimwambia tu kwamba kijiti kimepotea. Na kila kesho ilizaa kesho nyingine.

Siku ya nne gari likaanza kukohoa. Lilikwenda vizuri mwendo wa dakika kumi, kisha likazima. Likipumzika kidogo, liliwaka tena kana kwamba halikuwa na ugonjwa wowote, halafu likazima mbele kidogo. Babu alikuwa dereva maisha yake yote, na aibu ya kusukumwa barabarani ilimkera kuliko njaa.

Mara ya tatu lilizima mvua ikinyesha. Babu alikuwa anampeleka Bibi hospitali kwa mazoezi ya mguu wake. Turubai lilikuwa limekwama nusu ya njia, halifungi wala halifunguki. Bibi aliloa mpaka mifupani. Usiku ule alianza kikohozi kisichokatika, na Chiriku, akimsikia kupitia ukutani, alihisi kila kikohozi kinamtaja yeye kwa jina.

Babu hakulaza hasira yake. Alikwenda kituo cha mafuta akasema mbele ya watu kwamba ameuziwa petroli chafu. Mhudumu aliyemjazia tangi juma lile alikuwa mama mmoja ambaye watoto walimwita Mama Kofia, kwa sababu kofia yake ya kazi ilikuwa kubwa hata ikamfunika masikio. Watoto wa shule walimpenda. Jua likiwa kali aliwaruhusu wakae kivulini mwa pampu ya hewa, na mara mbili alimvusha Chiriku barabara kwa kumshika mkono, magari yakimpigia honi.

Meneja wa kituo alimsikiliza Babu, kisha akamgeukia Mama Kofia. "Kaa nyumbani mpaka tangi la mzee lifunguliwe. Likikutwa na uchafu wetu, usirudi."

Babu alilisimulia jambo hilo mezani kana kwamba ni habari njema. Chiriku aliacha chakula chake.

"Chiriku amemeza mdomo leo," Babu alisema.

"Mwache mtoto," alisema Bibi, akikohoa. "Ana lake."

Jumamosi ikafika. Gereji ya Fundi Taratibu haikuwa mbali, ilikuwa nyumba ya pili baada ya kona, ua wa mabati wenye sakafu nyeusi kwa oili. Fundi aliitwa Taratibu kwa sababu hajawahi kuonekana akikimbia, na kwa sababu alikuwa na vidole vyote kumi, jambo ambalo alijivunia sana kwa mtu wa kazi yake.

Mama Kofia alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kofia mapajani.

"Shikamoo, mzee," alimwamkia Babu.

"Marahaba." Babu aliitikia huku akiangalia magurudumu.

"Nimekuja nione kwa macho yangu."

"Utaona."

Fundi Taratibu alianza kwa kumwomba jirani anayechoma mahindi asogeze jiko lake mpaka upande wa pili wa barabara. "Petroli haina rafiki," alisema. "Haimjui tajiri wala maskini. Simu zote mezani. Na wewe, mjukuu, simama pale kwenye upepo." Akafungua betri kwanza. Kisha akanyonya mafuta kwa mpira na pampu ya mkono kutoka kwenye tangi hadi kwenye madumu, akayafunga na kuyapeleka mbali.

Mafuta yalitoka kwa shida, yanakuja na kukatika. Fundi akainua nyusi. "Kuna kitu humu kinaziba," alisema. "Ni kama mtu anayenywa uji na kizibo mdomoni."

 Chiriku alikuwa anaona maua ya njano mbele ya macho yake. Yakitoka tu, Babu atayajua. Gauni lile alimnunulia Bibi yeye mwenyewe.

Fundi aliinua turubai nusu ili lisimzuie, akang'oa kiti cha nyuma, akatoa zulia la buti. Akalegeza mpira mnene wa mdomo wa tangi, akatenganisha waya wa ule mshale uliokufa. Halafu akalala chali chini ya gari. Tangi lilishikiliwa na mikanda miwili ya chuma, na nati zake zilikuwa zimeliwa na kutu. Akazipaka oili, akatulia.

"Sasa tunangoja nini?" Babu aliuliza.

"Tunangoja oili iingie."

"Si upige nyundo tu?"

"Mzee wangu, tangi bovu ni kama jino bovu. Ukilivuta kwa hasira, utabaki na taya mkononi."

Wakangoja. Chiriku alisimama kwenye upepo, na ingawa asubuhi haikuwa ya baridi sana, magoti yake yaligongana. Angeweza kusema wakati ule. Nafasi ilikuwepo, pana kama mlango. Alifungua mdomo, akamtazama Babu akitembea huku na huku mikono mgongoni, akaufunga.

Ghafla kitu chenye joto kikamwangukia mabegani. Mama Kofia alikuwa amevua sweta yake ya kazi, ya bluu, akamvika.

"Unatetemeka, mwanangu. Bibi hajambo?"

"Anakohoa," Chiriku alinong'ona.

"Mpe pole yangu. Ningekuja kumwona, ila naogopa babu yako atanitupia kiatu." Akatabasamu kidogo, akarudi kwenye ndoo yake.

Chiriku aliuma mdomo. Sweta ilinukia sabuni na petroli, na ilikuwa nzito kama gunia.

Nati ya kwanza ikalegea, kisha ya pili. Fundi alikuwa ameweka jeki na kipande cha ubao chini ya tangi. Akaishusha jeki kidogo kidogo, na tangi likashuka nayo, pana, jeusi, lenye vumbi la miaka. Babu na Fundi walilibeba hadi katikati ya ua. Fundi akaligeuza ubavu, akaonyesha kwa kidole. "Na hapa kutu imetoboa, tundu la sindano. Nitaliziba, lakini si leo. Tangi tupu ndilo la kuogopwa, mvuke umebaki ndani unangoja cheche. Nitaliosha na kulijaza maji kwanza. Haya, tuone kinachoziba."

Akafungua kibamba cha juu, pale boya la kupimia mafuta linapokaa. Akaingiza waya wenye ndoano, akasikiliza kama daktari, akavuta.

Kikatoka kitambaa.

Chiriku alifumba macho. Alipofumbua, hakuyaona maua. Kitambaa kilikuwa cheusi ti, kimesokotana na kutu na tope kama mkia wa panya. Petroli na uchafu vilikuwa vimekula njano yote. Hakuna mtu duniani ambaye angejua kimetoka gauni gani. Pumzi ikamtoka kifuani. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alihisi mwepesi.

Wepesi huo haukudumu.

"Tambara la kufutia!" Babu alinguruma. "Nilisema mimi! Nani anayeshinda na matambara mkononi kwenye kituo cha mafuta? Nani?"

Mama Kofia alisimama. "Mzee, matambara yetu ni mekundu. Tunagawiwa ofisini."

"Na hili lina rangi gani? Likikaa ndani ya petroli na kutu, hata bendera itakuwa nyeusi! Nalipeleka kwa meneja sasa hivi."

Mama Kofia alilitazama tambara, kisha akaitazama kofia yake. Aliikunja taratibu, akaiweka juu ya ndoo. "Mzee," alisema, bila kupaza sauti, "nikikosa kazi hii nitatafuta nyingine. Lakini jina langu, je? Hilo nitalitafutia wapi?"

 Babu alikuwa amekwisha kuanza kulifunga tambara ndani ya gazeti.

"Ni mimi," Chiriku akasema.

"Wewe nini?"

"Kitambaa ni changu. Nilikifunga kwenye waya, nikapimia mafuta, kikabaki ndani. Kijiti hakikupotea, Babu. Nilikivunja."

Babu alimtazama, kisha uso wake ukalainika, na hilo likawa baya zaidi kuliko hasira. "Njoo, mjukuu wangu. Najua unampenda huyu mama. Lakini usijibebeshe mzigo wa mtu mwingine. Moyo mzuri usigeuke uongo."

"Sidanganyi!"

"Mtoto anamwonea huruma mama wa watu," Fundi alisema kwa upole.

Chiriku alipigwa na butwaa. Wiki mbili alikuwa akisema uongo na kila mtu akimwamini. Leo amesema kweli, na hakuna anayemwamini. Machozi yakamjaa. Akageuka akakimbia, sweta ya bluu ikipepea nyuma yake.

Bibi alikuwa kitandani, ameegemea mito. Alimwona mjukuu wake akiinua godoro, akitoa vipande viwili vya mti, kisha akipekua kikapu cha matambara mpaka vitu vyote vikawa sakafuni.

"Gauni la maua liko chini kabisa," Bibi alisema.

Chiriku aliganda. "Bibi, mimi ndiye..."

"Nenda kwanza unakokwenda. Ukirudi utaniambia yote, nami nitasikiliza."

Alirudi gereji akihema, akaweka kila kitu juu ya meza ya spana: vipande vya kijiti vyenye alama za kisu cha Babu, waya, na gauni lililochanwa pindo.  Fundi Taratibu alichukua beseni la maji na sabuni ya unga, akaliosha tambara, akabadilisha maji, akaliosha tena. Maua hayakurudi. Lakini kando ya pindo uzi ukaanza kuonekana, uzi wa bluu, wa mishono mikubwa iliyopinda kidogo.

Babu aliuinamia. Alikumbuka siku Bibi aliposhona pindo lile. Uzi wa njano ulikuwa umeisha dukani, naye akasema bluu nayo ni rangi. Akaliweka tambara kwenye mchaniko wa gauni. Mshono uliendelea kutoka kwenye gauni hadi kwenye tambara bila kuruka hata tundu moja.

Babu akakaa chini, juu ya gurudumu kuukuu. Alionekana mzee kuliko asubuhi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa. Ulisema mimi ni macho yako."

Babu alipangusa uso kwa kiganja. Kisha akainuka, na jambo alilofanya Chiriku hakulitarajia. Alimwendea Mama Kofia, akasimama mbele yake kama mwanafunzi mbele ya mwalimu.

"Mwanangu, nimekukosea. Nilikuvunjia heshima mbele ya watu, kabla sijaona kitu. Nisamehe."

Mama Kofia aliinamisha kichwa. "Yamekwisha, mzee."

"Hayajakwisha. Nilisema mbele ya watu, basi nitakanusha mbele ya watu. Chiriku, twende."

Wakaenda kwa miguu wote watatu, Mama Kofia na kofia yake mkononi, kwa kuwa gari lilikuwa halina tangi. Babu hakuwa mtu wa kutembea tena, na njiani alisimama mara mbili kushika kiuno, lakini alikataa kupumzika. Chiriku alitembea katikati. Hakuna aliyemshika mkono mwanzoni. Walipofika kwenye kivuko cha barabara, Mama Kofia alimshika.

Kituoni kulikuwa na foleni ya magari. Babu alimweleza meneja kosa lake kwa sauti ileile aliyomshutumu nayo mama wa watu, hata madereva wakachungulia madirishani. Kisha akarudi nyuma hatua moja. "Sasa mjukuu wangu ana neno."

Chiriku alieleza yote, tangu mpira ulipoingia mtaroni. Sauti ilimkatika mara kadhaa, lakini hakuacha kitu. Meneja alimsikiliza hadi mwisho, kisha akakunja uso.

"Na hiyo sweta ya kazi yetu, umeitoa wapi?"

Chiriku alijitazama. Alikuwa amesahau kwamba bado ameivaa.

"Amenivika yeye," alisema. "Nilikuwa natetemeka. Alinivika kabla hajajua kama ni mimi niliyemfukuzisha kazi."

 Meneja akaiangalia foleni, akamwangalia Mama Kofia aliyekuwa amesimama kichwa wazi. "Mama, pampu namba mbili ina watu wengi," alisema hatimaye. "Na hizi siku ulizokaa nyumbani ni kosa langu. Zihesabu kama za kazi."

Mama Kofia akakunjua kofia yake, akaivaa hadi masikioni. Kabla ya kwenda, aliinama mbele ya Chiriku na kumfungua vifungo vya sweta.

"Unanichukia?" Chiriku aliuliza.

"Nilikasirika, siwezi kukuficha. Siku saba nimelala nikiwaza nitawaambia nini watoto wangu." Akaikunja sweta mkononi. "Kuvunja kijiti si kitu, mwanangu. Hata kitambaa kuzama, ni bahati mbaya. Lakini ulipoona mtu mwingine anaadhibiwa kwa kosa lako, hapo ndipo ukimya wako ulipogeuka kuwa kosa kubwa. Siku nyingine sema mapema, likiwa bado dogo. Hata hivyo leo ulikuwa umeshaokoka, hakuna aliyekujua, na ukasema. Hilo nalo sitalisahau."

Jioni ile Chiriku alikaa kitandani kwa Bibi akamweleza yote, na kila kikohozi kilipokuja, alimpa maji ya moto na kungoja kipite.

Baada ya juma moja gari lilirudi, tangi limeoshwa na kuzibwa, halikohoi tena. Fundi alikuwa ametengeneza hata boya, na mshale sasa ulipanda na kushuka kama kawaida. Chiriku alidhani kazi yake imekwisha, naye aliona amestahili.

Lakini asubuhi yake, Babu alitoka na kikombe cha chai mkono mmoja, na mkono wa pili kijiti kipya, kina tundu juu na kamba ya kufungia kwenye kiganja.

"Mshale unafanya kazi, Babu," Chiriku alisema.

"Mshale siujui vizuri. Wewe nakujua." Akampa kijiti. "Haya, niambie."

Chiriku alifunga kamba mkononi, akachovya mpaka kikagota, akakitoa polepole. Alikitazama mara mbili.

"Sina hakika, Babu. Ni kati ya robo na nusu. Ngoja nipime tena."

"Pima," Babu alisema, akakaa kizingitini kunywa chai yake. "Mimi sina haraka."